Siku yangu kliniki, na wale wa "naendelea vizuri"

Saa 11:15 alfajiri. Chai ya rangi na kiporo cha wali. Leo Alhamisi, siku ya kliniki ya kisukari na presha, na huu ni mwaka wangu wa tisa pale kama muuguzi. Nikikosa daladala ya kwanza nakuta foleni imefika getini.

Saa 1:00 asubuhi. Watu kama arobaini wako kwenye mabenchi, kila mtu na daftari lake mkononi. Wengi hawajala tangu jana usiku kwa sababu ya kipimo cha sukari. Tangazo langu la kwanza ni lilelile kila wiki: ukianza kutetemeka au kutoka jasho, usisubiri namba yako, nyoosha mkono. Kuna baba mmoja aliona aibu kuruka foleni, akakaa kimya mpaka akadondoka. Sukari ilikuwa imeshuka hadi 2.6.

Saa 2:20. Napima presha. Mama mmoja, mwalimu mstaafu, anaketi na kurudisha mkono kifuani. "Sista, nimepanda ngazi sasa hivi. Nipe dakika tano kwanza." Nyuma yake kuna watu thelathini. Nilikunja uso, sitawadanganya. Lakini alikuwa sahihi: mtu atulie dakika 5, mgongo uegemee, miguu isipishane, mkono uwe usawa wa moyo, na awe amekwenda haja ndogo. Zaidi ya hapo, aliyekunywa kahawa au kuvuta sigara angoje nusu saa. Nilipomrudia akatoa 138/84. Ningempima palepale, huenda daktari angemwongezea dozi kwa ajili ya ngazi.

Saa 4:00. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu." Dawa unatumia? "Natumia." Hali? "Naendelea vizuri." Mashine inasoma 182/104, juu mno, na hii ni mara ya tatu mfululizo.

Siku hizi nawaambia waje na dawa zote wanazotumia nyumbani, hata za mitishamba. Mzee kaja nazo kwenye fundo la kitambaa (rambo tumeshaachana nazo tangu Juni 2019). Nafungua fundo mezani: enalapril, dawa ya presha aliyopewa mwezi jana, vidonge 30, na 26 bado vimo kwenye karatasi zake. Zamani ningepandisha sauti. Leo nilivuta kiti nikauliza, "Mzee, hizi zinakusumbua nini?"

Akatazama mlango kwanza. Kikohozi, akasema kwa sauti ya chini. Kikavu, usiku kucha, mpaka jirani wakaanza kuulizana kama ana TB. Akiziacha, kinaisha.

"Mbona hukusema?"

"Mwaka juzi nilisema nimeacha dawa, nikafokewa mbele za watu."

Sikuuliza ni nani. Ningeweza kuwa mimi. Mficha maradhi tunamsema sana, lakini wa kufichiwa naye tumjadili. Kikohozi cha namna ile kinafahamika kabisa kwa dawa za kundi la enalapril. Daktari alimbadilishia, akampa losartan, dawa nyingine ya presha, na mazungumzo yote hayakufika dakika tano. Presha ilikuwa imekaa juu miezi yote ile kwa jambo la dakika tano!

Saa 6:10. Mama na kijana wake wa miaka 12, anayechoma insulini tangu akiwa darasa la pili. Kwao hakuna friji. Chupa anaitunza kwenye chungu kidogo kilichokaa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga unaomwagiwa maji asubuhi na jioni, juu kitambaa kibichi. Daftari lake ndilo linalonifurahisha zaidi: sukari ya asubuhi, alichokula, dozi, na pembeni kwa kalamu nyekundu neno "mpira". Ni siku alizocheza, maana amegundua usiku wake sukari hushuka. Daktari alisoma kurasa zile taratibu, kidole kikifuata mistari, akapunguza dozi ya siku za mpira. Fomu zetu wenyewe huwa hazisomi hivyo.

Saa 8:00 mchana. Wali maharage, nimesimama.

Saa 8:30. Nakaa karibu na dirisha la dawa. Kwenye bahasha huandikwa 1×2, yaani kimoja asubuhi na kimoja jioni. Bibi mmoja wa metformin, dawa ya kisukari, alikuwa anameza vyote viwili asubuhi kabla ya kula, "nimalize kazi," halafu tumbo linamsokota hadi adhuhuri. Ndiyo maana sasa simwachii mtu aondoke kabla hajanielekeza: nifanye mimi ndiye mgonjwa, niambie nameza nini na saa ngapi. Wanacheka. Leo watatu walinielekeza vibaya, na mmoja alikuwa amenisikiliza huku akiitikia kwa kichwa muda wote.

Saa 12:40 jioni. Nimevua viatu, mama anapiga simu. Naye alikuwa hospitali leo, huko kwetu.

"Wamesemaje?"

"Wamenipa dawa."

"Dawa gani, mama?"

"Za rangi ya waridi. Mbili hivi. Naendelea vizuri."

Nikavaa viatu tena, sijui kwa nini, yuko mkoa mwingine. "Mama, chukua boksi. Nisomee herufi moja moja."

"Ngoja basi nitafute miwani."