Nyumba Iliyotoka Kiwanda cha Ndege

Dada aliponiuliza siku zangu chache za Cardiff nataka kwenda wapi, jibu nilikuwa nalo tangu Dar: St Fagans, kuna nyumba nataka kuiona. Akadhani nasema lile jumba la mabwana lililoko humo. Nikamwambia hapana, ni nyumba ya bati.

Tukapanda basi Jumamosi asubuhi, manyunyu yanadondoka tangu alfajiri. St Fagans ni makumbusho ya wazi nje kidogo ya mji, yamefunguliwa tangu 1948, na kuingia ni bure. Majengo ya humo yaling'olewa sehemu mbalimbali za Wales yakasimamishwa upya: kanisa, shule, kinu, nyumba za wakulima. Dada alitaka tuingie kila mlango. Mimi nilikuwa na haraka yangu.

Yenyewe nusura tuipite. Ni nyumba ndogo ya chini, madirisha mapana, ukiitazama haraka unasema ofisi ya eneo la ujenzi. Ililetwa kutoka Gabalfa, hapa hapa Cardiff. Nikausogelea ukuta nikaugonga kwa kifundo cha kidole. Ukalia kama sufuria tupu.

"Usigonge nyumba ya watu," dada akaninong'oneza. Kisha naye akagonga.

Ni alumini. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuwa vinakaribia mwisho, Uingereza ilikuwa na mitaa iliyobomolewa kwa mabomu na askari wanaorudi kuoa na kuanza maisha, huku mbao na mafundi ujenzi vikiwa adimu. Upande wa pili kulikuwa na viwanda vya ndege vyenye mashine, wafanyakazi wenye ujuzi na alumini, lakini oda za ndege zilikuwa zinakatika. Mwaka 1944 Bunge lilipitisha sheria ya nyumba za muda. Kampuni za ndege zikaungana kubuni nyumba, na nyumba hiyo ikaitwa AIROH. Kampuni ya Bristol, iliyokuwa ikiunda ndege za kivita, ikaanza kuunda majiko na vyumba vya kulala pale Weston-super-Mare. Ndege chakavu ziliyeyushwa zikawa kuta.

Nyumba ilitoka kiwandani vipande vinne, kila kimoja upana wa futi 7 na nusu ili lori lipite nacho barabarani, nyaya na mabomba vikiwa vimeshafungwa ndani. Kreni inavishusha juu ya msingi wa zege, mafundi wanaviunganisha, basi. Za alumini zilijengwa zaidi ya 54,000. Prefabu, yaani nyumba zilizoundwa tayari kiwandani, za aina zote zilipita 156,000. Hazikuwa za bei nafuu, kwani moja ya alumini iligharimu zaidi ya pauni 1,600, na wakazi wengi wa prefabu walilalamikia baridi na unyevu wakati wa kipupwe. Zilikusudiwa kukaa miaka kama kumi hivi. Nyingi zilikaliwa miongo kadhaa.

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, kwa hiyo nikaenda moja kwa moja jikoni, na huko ndiko nilikokaa hadi dada akachoka kunisubiri. Jiko na bafu vimepeana mgongo. Katikati yao kuna ukuta mmoja tu, na mabomba yote yamepita humo. Moto wa sebuleni unapasha maji ya kuogea. Unasimama kwenye sinki, unageuka, jiko liko hapo. Pipa la kuchemshia nguo liko hapo. Makabati yamejengewa ukutani. Na chini, sawa na mengine yote, kuna friji. Haikuwa ya kuongezewa mwenye uwezo. Ilikuja na nyumba, ikamkuta mke wa mfanyakazi wa bandarini katika nchi ambayo friji wakati huo ilikuwa kitu cha nyumba za wenye nafasi. Neil Kinnock, aliyekuja kukiongoza chama cha Labour, alikulia katika prefabu huku huku Wales. Nawaheshimu sana waliokaa wakaamua kwamba nyumba ya dharura isiwe nyumba ya dhiki. Nimechora majengo ya ghorofa ambayo jiko lake halikufikiriwa nusu ya hivi.

Nilikuwa bado napima kwa hatua alipoingia mama mzee na mjukuu wake. Akasimama mbele ya friji bila kusema kitu. Kisha akatuambia kwamba amekulia katika nyumba kama ile. Kabla yake familia yao ilikaa chumba kimoja kwa shangazi, choo uani, maziwa wakiyapoza kwenye ndoo ya maji.

"Mama, mlikuwa mnaweka nini humu?" nikamuuliza, maana chakula kiliendelea kugawiwa kwa kipimo hadi 1954.

Karibu hakuna, akasema. Siagi ya wiki, kipande kama kiganja cha mtoto. Maziwa. Nafasi iliyobaki wakaichukua watoto: wakamimina maji ya machungwa kwenye kitrei cha barafu, wakachomeka vijiti, na jioni watoto wa mtaa mzima wakawa wanapanga foleni mlangoni kwao.

Nikamgeukia dada, naye alikuwa ameshanigeukia. Magomeni, nyumba ya tatu kutoka kwetu, kulikuwa na friji moja, na sisi tulipanga foleni pale na sarafu mkononi, tukisubiri barafu za ukwaju za vifuko. Unang'ata kona ya kifuko, unanyonya hadi ulimi unakufa ganzi. Nikamsimulia yule mama mzee. Akacheka, akauliza ukwaju ni kitu gani.

Hapo dada akashindwa kueleza. Akaninyang'anya daftari, na kwenye ukurasa ule ule wa vipimo vya jikoni, kando ya sinki, akamchorea tunda lenyewe, na maganda yake.