Rangi mbili zimegoma

UTI ya tatu kwa mama tangu mwaka uanze. Kila mara ilikuwa duka la dawa la mtaani: rangi mbili, zile kapsuli za antibiotiki, tena nusu dozi, "itakutosha, bibi". Safari hii daktari akakataa, akataka mkojo uoteshwe maabara kwanza, bakteria waonekane. Tukasubiri siku tatu.

Mtaalamu wa maabara akanionyesha sahani. Juu yake vidude vyeupe, vidogo kuliko kifungo cha shati, kila kimoja na dawa yake. Dawa ikifanya kazi, pembeni panabaki duara safi. Kwa mama, vinne kati ya sita bakteria wameota mpaka ukingoni! Nilinyamaza.

Nikaenda kusoma. Kumbe Shirika la Afya Duniani lina mfumo, GLASS, ulioanzishwa 2015, unaokusanya takwimu za namna hii kutoka nchi nyingi. Septemba 2024, New York, mataifa yakaahidi kupunguza vifo vya usugu wa dawa, yaani bakteria kutosikia tena dawa, kwa asilimia 10 ifikapo 2030. Mwaka uliofuata Uingereza ikatangaza kuufunga Fleming Fund, mfuko uliosaidia maabara zetu huku. Ahadi na bajeti, jamani!

Mama yuko kwenye sindano. Leo ameomba uji.