Saa mbili na arobaini ya nani?

Mwaka wa sita huu mimi ni nesi wa gari la wagonjwa hapa Dar. Damu nimeizoea, matapishi nimeyazoea, foleni ya Ubungo sitaizoea kamwe. Ila kinachonitoa jasho mpaka leo ni kuandika saa.

Ijumaa moja ya mvua tuliitwa Barabara ya Morogoro, mbele kidogo ya Kimara. Bodaboda kavaana na kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo. Kijana yuko pembeni ya mtaro, mguu wa kushoto umechanika chini ya goti, damu inaruka kufuata mapigo, na watu wamemzunguka na simu zao juu kama wako harusini. Nikakandamiza na gozi, kile kitambaa cha vidonda, damu haikukata. Nikatoa mkanda wa kubana, nikaufunga pajani, nikazungusha kile kijiti chake mpaka damu ikasimama na yeye akanitukana mimi na ukoo wangu wote. (Nilifurahi. Anayetukana anapumua.) Nikampigia dereva kelele: "Mzee, saa ngapi?"

"Mbili na arobaini, mwanangu."

Nikaandika kwenye kipande cha plasta, nikakibandika juu ya mkanda. Njiani, gari likiruka matuta, nikanakili kwenye fomu: 2:40.

Saa tatu na nusu tukawa mapokezi ya dharura. Nikakabidhi: presha 90 kwa 60, mapigo 128, oksijeni asilimia 97, anajua jina lake na anajua yuko wapi. Nikasema ana mkanda pajani. Muda sikuutaja, si nimeshauandika? Daktari aliyenipokea akaitwa kitanda cha pili, mwenzake akashika fomu. Tukasaini, tukaondoka.

Tuko Magomeni Mapipa, simu ikaita.

"Sista, ni wewe uliyeleta bodaboda? Huyu kafungwa mkanda tangu saa nane mchana?"

"Hapana, dokta. Saa mbili. Mbili ya usiku huu."

Kimya. Halafu: "Sasa si ungeandika 20:40?" Akakata.

Kwa asiyejua uzito wake: mkanda ukiwa na chini ya masaa mawili, mguu kwa kawaida una nafasi nzuri. Ukipita sita, misuli iliyokosa damu inakuwa imeanza kufa, na ukiufungua hivihivi unamwaga potasiamu na uchafu mwingine kwenye mzunguko, moyo unaweza kugoma. Kwa hiyo mguu wenye saa moja na ushee ulikuwa unajadiliwa kama mguu wa masaa saba, kwa sababu ya mwandiko wangu. Bahati yangu yule dokta aliona haiingii akilini, akauliza. Angekuwa mwoga wa kuuliza, sijui.

Fomu zetu zinataka saa 24. Midomo yetu inasema saa za Kiswahili. Katikati kuna mtu mmoja mwenye glovu zenye damu, anatakiwa kuongeza au kutoa sita kichwani huku ameshika chupa ya dripu kwa meno. Siku hizi siandiki nilichoambiwa, naandika kilichoko kwenye kioo cha simu, na wakati wa kukabidhi nausema kwa mdomo, mara mbili, na neno "usiku" au "mchana" nyuma yake.

Ndugu wa mgonjwa ndio mtihani kamili. Mama mjamzito, ukiuliza chupa imepasuka lini, shemeji anajibu "saa kumi." Ya alfajiri au ya jioni? Tofauti ni masaa kumi na mawili, na yakishapita kumi na nane tangu maji yatoke hofu ya maambukizi kwa mama na mtoto inakuwa kubwa. Au bibi wa Temeke anakwambia mzee alipinda mdomo "usiku wa Ijumaa." Wewe mtoto wa shule unaandika Ijumaa. Bibi kwa hesabu yake siku inaanza jua likizama, alimaanisha Alhamisi usiku. Huwa namuuliza: kabla au baada ya kwenda msikitini Ijumaa mchana? Hapo anajibu bila kusita.

Mambo mengine ya fomu nayapita haraka. Usiandike "amelewa." Andika ananuka pombe, anayumba, anajibu ovyo, halafu toboa kidole upime sukari. Niliwahi kubeba "mlevi" wa Mbagala, kumbe sukari imeshuka mpaka 1.9. Tukampa glukosi ya mshipani, kabla hatujafika akawa ananiuliza viatu vyake viko wapi.

Na mali. Yule bodaboda alikuwa na shilingi 47,000 na simu yenye kioo kilichopasuka. Nilizihesabu mbele ya dereva, nikaandika mpaka ule ufa wa kioo, mapokezi wakasaini. Wiki mbili baadaye kaka yake alinipigia kwa sauti ya mtu aliyekuja kugombana. Nikamsomea nakala yangu, pamoja na jina la aliyepokea. Akashuka. Ndipo akaniambia mguu upo, umefungwa vyuma, na dogo anauliza yule nesi aliyemtesa anaitwa nani.

Dereva wangu naye habari zilimfika. Sasa nikimuuliza saa anajibu kwa madaha: "Ya kwetu mbili na arobaini, ya kwenye karatasi ishirini na arobaini." Hiyo ni siku barabara iko wazi. Kwenye foleni ananijibu, "Simu si unayo?"