Mlio wa Bunduki Ndio Somo Jepesi: Ninavyowaandaa Farasi Wachanga kwa Msimu wa Elki

Kazi ya farasi niliianzia Nairobi, kwenye mazizi ya uwanja wa mbio wa Ngong, nikiwa saisi wa kawaida: kuchana manyoya, kutandika, kuwatembeza farasi wapoe baada ya mazoezi. Bunduki juu ya farasi sikuwahi kuiona, na ningeionea wapi, ilhali Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu 1977? Siku hizi niko kaskazini-magharibi mwa jimbo la Wyoming, Marekani, kwa mzee mmoja anayewapeleka wawindaji milimani. Theluji ikianza kuyeyuka ananikabidhi farasi wachanga, niwe nimewaweka tayari kabla ya Oktoba, msimu wa kuwinda elki, kulungu wakubwa wa Amerika Kaskazini, kwa bunduki.

Jamaa wa nyumbani wakisikia kazi yangu, swali lao ni moja: farasi unamfundishaje asiogope risasi? Nawajibu kwamba risasi ndiyo sehemu nyepesi. Farasi wanaobwaga watu kule juu mara nyingi hawakimbii mlio. Wanakimbia ala ya bunduki inayokwaruza misonobari, koti la mvua linalopepea, au harufu ya damu gizani. Ukimfundisha mlio peke yake, umemfundisha jambo litakalomkuta mara moja kwa safari, na haya mengine yanayomkuta kila saa umeyaacha.

Labda utajiuliza kwa nini watu wahangaike na farasi katika nchi yenye magari ya kila aina. Milima tunayokwenda, ya Absaroka mashariki mwa hifadhi ya taifa ya Yellowstone, sehemu kubwa imehifadhiwa chini ya sheria ya mwaka 1964 inayokataza chombo chochote cha injini, na hata baiskeli hairuhusiwi. Na dume la elki linaweza kuzidi kilo 300. Ukiliangusha mbali na barabara, utalikatakata na kulibeba vipande vipande, ama mgongoni mwako, ama mgongoni mwa farasi au nyumbu, yule mnyama anayezaliwa na punda na farasi.

Umri kwanza. Farasi wa miaka miwili au mitatu namfundisha bondeni tu. Mifupa ya uti wa mgongo huchelewa kukomaa, mpaka miaka mitano au sita hivi, kwa hiyo simpandishi mlimani na mzigo kabla hajafika minne, na hata hapo mzigo wake ni mwepesi. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba mtu, tandiko na mizigo kwa pamoja visizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Farasi wa kilo 450 basi anabeba kilo 90 na si zaidi. Kuna wawindaji wanaofika na uzito huo peke yao kabla hawajaweka tandiko, na hao tunawatafutia farasi wakubwa, kwa heshima, bila kusema mengi.

Mafunzo yanaanzia kwenye zizi la duara, na turubai. Farasi ni mnyama anayeliwa na wanyama wakali, na mwili wake umeumbwa hivyo: macho yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote, ila mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia. Kitu kinachotokea ghafla kwenye pembe hizo kwake ni simba. Namsogezea turubai taratibu. Akihangaika silirudishi nyuma, wala simsukumizii zaidi. Nalishikilia pale pale mpaka ateremshe kichwa, alambe midomo au ashushe pumzi. Hapo ndipo naliondoa. Mafunzo yote yamesimama juu ya jambo hili: farasi hajifunzi pale unapomletea kitu, anajifunza pale unapokiondoa. Ukikiondoa angali anaruka, umemfundisha kwamba kuruka kunalipa.

Kila kitu nakifanya upande wa kushoto na kulia. Aliyezoea turubai upande mmoja, ukihamia wa pili atashtuka kana kwamba hajawahi kuliona.

Baada ya turubai ni koti la mvua, kisha fulana ya rangi ya machungwa inayong'aa, rangi ambayo sheria ya Wyoming inawataka wawindaji wa bunduki waivae (siku hizi ya waridi nayo inakubaliwa). Mtu anayevaa na kuvua nguo akiwa juu ya tandiko ni jambo dogo kwetu, lakini kwa farasi mchanga ni kiumbe kinachobadilika umbo mgongoni mwake.

Kisha ala. Ala ya ngozi naifunga kwenye tandiko ikiwa tupu na kumwacha ashinde nayo zizini. Baadaye natia ubao wenye uzito wa bunduki, kama kilo nne, na kumpeleka kwenye msitu mnene. Hapa nakaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Tawi linapokwaruza ngozi ngumu hutoa sauti mbaya, ala husukumwa na kumgonga ubavuni, na yeye hajui ni nani anayempiga. Natembea naye kwa miguu kwanza, nikiishika hatamu, ndipo nipande. Ufungaji wenyewe una maana yake: kitako cha bunduki kiwe mbele na kiinuke kuliko mtutu, la sivyo kwenye mteremko mkali bunduki itachomoka. Na upande wa pili uwekewe kitu cha uzito uo huo, darubini na chupa za maji kwa mfano, maana tandiko lililoelemea upande mmoja humchuna farasi mgongo kama vile sogi lililopinda linavyomchuna punda.

Somo linalofuata ndilo ninaloliona kuu, na wengi hulipita mbio: kusimama. Sisi hatupigi risasi kutoka mgongoni. Mwindaji anashuka, anachomoa bunduki, anaenda mbali na farasi, ndipo anapoijaza. Ndani ya ala bunduki husafiri chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ikiwa tupu, siku zote. Kwa hiyo farasi anatakiwa atulie tuli wakati mtu mwenye haraka na moyo unaomdunda anashuka, anavuta kitu kirefu ubavuni mwake na kutoweka kwenye miti. Namfundisha kwa kushuka na kupanda upande wowote, kuuchomoa ubao na kuurudisha, kumfunga kwenye mti na kuondoka machoni pake, muda ukiongezeka siku hadi siku. Anayechimbachimba ardhi kwa kwato namwacha achimbe, sirudi mpaka atulie. Akishafungwa, bunduki haibaki kwenye ala, kwa sababu farasi akichoka kusubiri hujigaragaza chini, tandiko na vyote vilivyomo.

Mlio sasa. Naufundisha wakati wa kula. Mtu mwingine anasimama umbali wa mita mia mbili au zaidi na bunduki ndogo ya kaliba .22, na farasi mchanga yuko kwenye shayiri yake, kando ya farasi mzee asiyejali kitu. Risasi ya kwanza ikilia, mchanga anainua kichwa na kumtazama mzee. Mzee anatafuna. Mchanga anarudi chini. Ukimpata farasi mzee wa namna hii usimuuze, huyo ndiye mwalimu, wewe ni msaidizi wake. Siku zikipita mpigaji anasogea, kisha tunaleta bunduki kubwa, lakini hiyo tunaianza tena kutoka mbali. Kumfyatulia farasi karibu na kichwa ili azoee ni kumwumiza tu. Masikio yake yanasikia sauti nyembamba kuliko tunazosikia sisi, na mlio wa bunduki kubwa unaharibu masikio ya kiumbe yeyote. Wageni wengine siku hizi huja na bunduki zenye kizibo cha matundu mwishoni mwa mtutu cha kupunguza bunduki kusukuma bega inapofyatuliwa, nacho huutupa mlio pembeni na nyuma kwa nguvu kubwa. Hao nawaomba waende mbali zaidi kabla ya kufyatua.

Damu haina mazoezi kamili bondeni. Naweza kutundika ngozi mbichi ya elki kwenye uzio karibu na maji ili wainuse kila wanapokunywa, na inasaidia. Lakini mlimani nyama inapakiwa usiku, kwenye baridi, pengine na harufu ya dubu hewani, na sisi wenyewe tuna hofu ambayo farasi anaisikia kupitia kamba. Mzigo wa kwanza wa maisha yake nampakia farasi mchanga nikiwa nimemfunika macho kwa koti langu, mwenzangu ameshika kichwa, paja la kushoto na la kulia yakilingana, kila moja limefungwa kwenye turubai lile lile alilolizoea zizini. Pembe hapewi mwaka huo. Hizo anabeba nyumbu mzee, ncha zikiwa zimefungwa nguo zisimchome.

Wengine hawafuzu. Tulikuwa na jike mmoja mwekundu, mpole, mlio ukimpita kama upepo, ala hakuijali tangu siku ya kwanza, ila nyama mbichi hakuikubali kwa namna yoyote: alikuwa akitetemeka mpaka tandiko linalia. Mzee, mwajiri wangu, alitaka kumuuza. Nikamwomba tumhamishie kwenye safari za wavuvi za kiangazi, ambako mzigo mzito zaidi ni mahema na masufuria, na samaki hurudi kambini mkononi mwa mwenyewe. Huko hajaleta shida yoyote.