Siku Moja na Skrini Iliyojaa Herufi q

Saa mbili na nusu asubuhi nipo mbele ya kompyuta. Natengeneza programu zile zisizo na picha wala vitufe vya kubofya: dirisha jeusi, maandishi, menyu ya kusogeza kwa mishale. Wengi hudhani zilishakufa. Maghala na seva bado zinazitegemea, na herufi zikivurugika napigiwa simu mimi.

Saa tatu, mambo mepesi. Mteja mmoja amemwaga faili lisilo la maandishi kwenye dirisha, sasa kila akiandika zinatoka alama za ajabu. Namwambia aandike reset hata kama haoni anachoandika, abonyeze Enter. Imepona. Mwingine, fremu ya menyu imegeuka ÚÄÄÄ¿. Programu yake inatuma baiti (vipande vya data, kila kimoja na namba yake) za CP437, jedwali la herufi la IBM PC ya mwaka 1981, na dirisha linazisoma kama Windows-1252, jedwali jingine la herufi. Namba 196 kule ni mstari, huku ni Ä. Nabadili mpangilio, basi.

Saa nne inaingia simu iliyokula siku.

"Kaka, hivi ni virusi. Skrini nzima q."

"Dada, hebu nitumie picha."

Ya kwanza imetikisika. Ya pili ina mwanga katikati. Ya tatu naona lqqqqk juu, x pembeni, mqqqqj chini, na hapo nimeshajua. VT100, terminali (skrini na kibodi ya kuongea na kompyuta) ya mwaka 1978, ilikuwa na seti ya pili ya alama: ukiiwasha, q inakuwa mstari wa kulala, x wa kusimama, na l, k, m, j ndizo pembe nne. Programu imeiwasha vizuri tu. Dirisha la mteja, likiwa kwenye UTF-8, mfumo wa sasa wa kuandika herufi za lugha zote, limepuuza na kuchapa herufi kama zilivyo.

Mwenyewe ameshabadilisha fonti, ameshazima na kuwasha seva watu wakiwa kazini, na kuna aliyemshauri anunue skrini mpya! Namsomea amri ya kuiambia programu ichore fremu kwa herufi za UTF-8 moja kwa moja: export NCURSES_NO_UTF8_ACS=1. Alama ya mstari wa chini (_) anaiandika kama nafasi. Tunarudia. Anaweka nafasi kando ya alama ya sawasawa. Tunarudia. Anaitwa pembeni, anarudi akiwa amefunga dirisha, kila kitu kimepotea. Safari hii namwandikisha ndani ya .bashrc, faili la mipangilio linalosomwa kila anapofungua dirisha. Fremu inasimama.

"Kumbe kitu kidogo hivyo!"

Nilikula saa ngapi sijui.

Jioni imebaki orodha ya majina ambayo safu zake zinapinda kila penye ng’. Apostrofi ile iliyojikunja ni baiti 3 kwenye UTF-8, lakini kwenye skrini inakaa nafasi moja. Programu inapanga safu kwa kuhesabu baiti, kwa hiyo mstari unapungua nafasi mbili. Kuna aliyependekeza tufute apostrofi zote. Hapana, jina la mtu haliharibiwi ili jedwali lipendeze. Nimebadilisha hesabu ipime upana, nimejaribu na majina yote yenye ng’, safu zimenyooka. Kesho meneja atauliza kwa nini mstari mmoja wa msimbo umechukua jioni nzima.