Siku yangu na trekta linalokata asubuhi na kugoma jua likipanda

Saa 1 asubuhi

Kijana ninayemfundisha kazi amenitangulia karakanani. Nafika namkuta amechutama kando ya trekta dogo la kukatia nyasi za bustani lililoletwa jana jioni, spana mkononi. "Fundi, nishushe kava?" Kava ndilo lile bati kubwa la chini linalobeba visu, na kila anayeanza kazi hii hukimbilia huko. Namwambia atulie kwanza, nimsimulie alivyoeleza mwenye mali.

Mzee alisema hivi: injini haina tatizo. Visu vinazunguka vizuri, lakini baada ya kama nusu saa vinaanza kulegea, na vikikutana na nyasi nene vinasimama huku injini ikiendelea kunguruma. Akilizima na kuliacha lipoe, visu vinarudi. Mkanda ameshabadilisha, na hali ni ileile.

Mimi hapo nashika neno moja tu: likipoa. Mkanda uliochakaa huteleza hata asubuhi. Kinachofanya kazi kikiwa baridi na kugoma kikipata moto, kwenye trekta la aina hii, mara nyingi ni klachi ya umeme inayowasha visu, au umeme unaoifikia.

Saa 2

Kabla ya hilo tunamaliza kazi nyingine ndogo, trekta kuukuu kuliko hili, lisilo na klachi ya umeme. Ukivuta wenzo, puli ya kukazia inausukuma mkanda na visu vinaanza. Lilikuwa linatoa harufu ya mpira kuungua. Tunachomoa waya wa plagi ya injini ili isiwake, tunaondoa mkanda, nazungusha puli ya kukazia kwa kidole: imekwama kabisa. Beringi imekufa, mkanda ulikuwa unasugua chuma kilichosimama. Puli mpya, tone la mafuta kwenye ekseli ya mkono wake, basi. Mkanda nao umeungua ubavu mmoja, unang'aa kama kioo, kwa hiyo nao unatoka. Tunaweka wa mashine za bustani, si wa feni ya gari hata kama vipimo vinalingana. Huu wa bustani umetengenezwa ustahimili kuteleza kidogo kila visu vinapowashwa na kupinda kinyumenyume kwenye puli bapa. Wa gari hauna maisha marefu hapo.

Saa 3

Tunarudi kwa trekta la mzee. Utaratibu wangu ni kuifuata nguvu inavyosafiri: kutoka shafti ya injini, kwenye klachi, kwenye mkanda, kwenye puli za kava, hadi kwenye kisu. Natoa waya wa plagi, navaa glavu, nazungusha kila kisu kwa mkono. Vyote vyepesi, hakuna mkwaruzo. Navitikisa juu na chini, shafti hazichezi. Springi ya kukazia mkanda ina nguvu. Mkanda mpya umekaa vizuri kwenye mfereji wa puli, haugusi chini. Nyasi zilizoganda chini ya kava tunazikwangua, maana nazo huvielemea visu, ila si kiasi cha kuvisimamisha.

Napima ukinzani wa koili ya klachi, yaani nyaya za shaba zinazogeuka sumaku umeme ukipita na kuzibana sahani za klachi pamoja, ikiwa baridi: omu 2.9. Klachi nyingi za mashine hizi husoma kati ya 2 na 4, kwa hiyo koili ni nzima. Kijana uso unamshuka, alitaka tuikamate papo hapo. Ugonjwa wa joto hauonekani kwenye mashine iliyolala.

Saa 4 hadi saa 5

Nalipeleka kwenye nyasi ndefu nyuma ya karakana na kukata bila kupumzika. Linakata kwa raha. Baadaye kidogo nasikia sauti ya visu ikishuka, injini haishtuki. Visu vimesimama. Nazima injini na kuwahi kupima kabla halijapoa, kijana ananipokea na mita.

Saa 5

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi wanapotea. Mtu huchomoa plagi ya klachi, huweka mita kwenye waya, huona volti 12 na kitu, kisha hutangaza kwamba umeme upo na klachi imekufa. Waya usiobeba mzigo hudanganya. Hata mguso ulioungua nusu hupitisha volti zote kama hakuna kinachozivuta. Pima klachi ikiwa imeunganishwa na inavuta umeme.

Injini imezimwa. Kijana amekaa kitini ili swichi ya kiti iridhike (sikubali kuiruka kwa waya, hata kwa jaribio), ufunguo uko kwenye nafasi ya kuwasha, swichi ya visu imevutwa. Nachomeka ncha za mita kwa nyuma ya plagi. Betri ina 12.4. Klachi inapata 9.5.

Karibu volti 3 zinapotelea njiani. Nazitafuta kwa kuweka ncha moja upande wa kuingia na nyingine upande wa kutoka wa kila kifaa: fyuzi 0.1, swichi ya kiti na nyaya zake 0.2, waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme kwenye betri, wenye kutu pale ulipofungwa kwenye fremu 0.5. Swichi ya visu, 2.1. Kijana anaangua kicheko. Kumbe kitu kidogo cha plastiki kwenye dashibodi!

Kisha napima koili ikiwa bado ya moto. Omu 3.6. Hiyo ni kawaida ya shaba, ukinzani wake hupanda kadiri inavyopata joto. Namfanyia kijana hesabu kwenye kipande cha boksi. Asubuhi koili ina omu 2.9, njia mbovu (swichi, nyaya na ethi) ina kama 1.1, jumla 4; volti 12.4 ukizigawa kwa 4, unapita umeme wa ampea 3.1. Ikipata moto jumla inakuwa 4.7, ampea zinashuka hadi 2.6. Sumaku imepungua nguvu, sahani zinaanza kuteleza, kuteleza kunaleta joto zaidi, na joto linapandisha omu.

Saa 7

Tumepumzika kidogo. Swichi inafunguliwa: mguso mmoja ni mweusi, umelika. Tunaweka nyingine. Sehemu ya ethi tunaikwangua hadi chuma king'ae, tunakaza bolti na kupaka grisi.

Saa 8

Wengi wangeishia hapo. Mimi bado sijaridhika, kwa sababu klachi yenye afya ilitakiwa kuvumilia kiasi fulani cha upungufu. Naingiza fila geji, vibati vyembamba vya kupimia nafasi, kwenye vile vidirisha vitatu vya pembeni mwa klachi. Nafasi kati ya sahani imefika milimita 0.8. Nyingi hutaka kati ya 0.3 na 0.5, na kitabu cha mashine ndicho chenye kauli ya mwisho. Sahani hulika miaka ikienda, na nguvu ya sumaku huporomoka haraka nafasi ikipanuka. Nati ziko tatu. Nakaza kila moja kidogo, nazunguka, napima tena, mpaka vidirisha vyote vinasoma 0.4. Ukibana kupita kiasi, sahani zinasuguana hata klachi ikiwa imezimwa.

Kijana anavuta swichi. Ta! Asubuhi ilikuwa inanong'ona. Klachi sasa inapata volti 12.

Saa 9

Narudi kwenye nyasi zilezile, kwa muda mrefu kuliko asubuhi. Visu havitetereki. Nikizima swichi, breki ya klachi inavisimamisha upesi, kama inavyotakiwa.

Saa 11 jioni

Mzee anakuja. Anauliza kama ilikuwa klachi. Namwonyesha swichi iliyoungua na ile karatasi ya boksi, anaisoma yote, hata kujumlisha anajumlisha mwenyewe. Namwomba awashe visu injini ikiwa kwenye mwendo wa kati, asisubiri mwendo kamili, na ile nafasi ya sahani aje tuipime tena msimu ujao. Mkanda wake wa zamani bado alikuwa nao kwenye sanduku la trekta. Naupinda, nautazama ndani na nje: hauna ufa hata mmoja.

"Urudishe sandukuni, mzee. Huo ni spea."