Mgeni njoo hulia kivulini

Jana nimeshinda mkekani na mkasi, karatasi za A4 na dadu niliyoazima kwenye ludo ya mtoto wa dada, kwa ahadi kwamba namrudishia kabla ya magharibi. Natengeneza vile vitabu vya karatasi moja, unakunja mpaka upate vyumba 8, unakata mstari mmoja katikati, unasukuma ncha zikutane, basi kitabu hicho, hakuna gundi hakuna uzi. Ukitoa jalada la mbele na la nyuma zinabaki kurasa 6, na dadu ina pande 6, yaani wazo lilikua limekaa hapo linanisubiri tu.

Nikachukua methali 6 zinazokatika vizuri, za aina ile ya kwenye kanga, nikatenganisha vichwa na mikia. Vichwa vinakaa kwa mpangilio wake, mkia wa kila ukurasa anachagua dadu, na hairushwi mara mbili hata ukija upuuzi.

Ukaja. "Haraka haraka sharti ainame." Nani ainame sasa? Mkono uliniwasha kurudia, nikajikaza. Ukurasa wa tatu ndo kioja, "Haba na haba" ikapata mkia wake wenyewe, hujaza kibaba, na atakayesoma atajua nimechakachua wakati ule ndo ukurasa pekee ambao sikutamani kuugusa. Ila wa nne, jamani. "Mgeni njoo hulia kivulini." Kwa mchumia juani hulia ni kula, ukimpa mgeni huyu tunayemwita kwa mbwembwe anageuka mtu anayejificha chini ya mwembe analia peke yake. Mimi nisingeiwaza hiyo hata mwaka mzima.

Kinachonisumbua ni ngeli. Mfaransa Raymond Queneau mwaka 1961 alitoa kitabu cha soneti 10 zilizokatwa mstari kwa mstari, mistari 14 kila moja, unafunua vipande unavyotaka unapata mashairi trilioni 100, ukisoma moja kwa dakika usiku na mchana ni kama miaka milioni 190. Lakini yule alihangaika kwanza, vina na sarufi vyote vinapokeana, bahati imekuja kukuta nyumba imeshapigwa deki. Mimi nimeokota tu. Nikitaka ulaini ule inabidi vichwa vyote viwe watu: mvumilivu, mpanda ngazi, mchelea mwana, hapo "Mvumilivu hulia yeye" inakaa kabisa. Nitaijaribu, japo naona kama itakua tamu mno, ile ya haraka kuinama ina ukakasi nimeanza kuuzoea.

Ukurasa wa mwisho ulikua wa "Mtaka cha uvunguni" na naapa sitanii, dadu ikabiringika mpaka chini ya kabati. Nikalala kifudifudi na tochi ya simu kuisoma hukohuko bila kuigusa. Mbili. Mkia wa pili, haina baraka.

Jioni mama kakichukua kitabu, kavaa miwani, kasoma kimya ukurasa kwa ukurasa, hakucheka hata pale kwa mgeni. Kufika mwisho kaomba penseli, kafuta herufi moja.

"Hana baraka, mwanangu. Hana. Shule ulienda kufanya nini?"

Sheria zangu hazikumtaja mama popote, kwahiyo nimeiacha ilivyo.